Wakati Wake Ulitosha

Nianze kwa kukiri, tusipotezeane wakati: nilimwonea wivu yule msichana tangu juma la kwanza chuoni mpaka siku tulipopewa vyeti tukaachana. Miaka miwili mizima. Na nikisema wivu sisemi ule wa kupita, wa kumwona mtu na gauni jipya ukasema lo, laiti ningekuwa mimi. Nasema ule wa kukufanya ujue mtu ana jozi ngapi za soksi na huzifua siku gani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, katika chuo cha ualimu huko Kitui. Mimi nilitoka Kasikeu, upande ambao siku hizi tunauita Makueni. Baba yangu alifanya kazi Kiboko, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, na kazi yake ilikuwa kupima mvua. Kila asubuhi saa tatu kamili alikwenda kwenye kile chombo, akachungulia, akaandika. Kuna mwaka aliandika sufuri miezi na miezi, na hakukosa hata asubuhi moja. Alipokuja nyumbani likizo alitaka na sisi tuishi hivyo: saa ya kukama, saa ya kufagia, saa ya kusoma Biblia. Kwa hiyo nilifika chuoni nikiamini kwamba kwa mambo ya wakati, ukoo wetu hauna wa kuufundisha.

Juma la kwanza mkuu wa chuo alitusimamisha gwaride, akatuambia kila mmoja ajichoree ratiba yake na kuibandika juu ya kitanda.

"Shuleni mlikuwa mnaamshwa na kengele na kufukuzwa na fimbo," akasema. "Hapa ninyi ni walimu. Mwalimu asiyejipangia wakati atapangiwa na watoto."

Aiya! Nilifurahi kama niliyeitwa jina. Nilinunua karatasi ya manila, nikaazima rula, nikapata penseli za rangi. Nyekundu ilikuwa masomo, samawati ilikuwa prepu, yale masomo ya binafsi ya jioni, kijani kufua na kupiga pasi, manjano maombi. Kila nusu saa ilikuwa na kisanduku chake. Jumatano saa kumi na moja jioni niliandika "kutafakari", na sikujua nitatafakari nini, lakini kisanduku kilikuwa kitupu na sikupenda kukiona kitupu. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana, hilo hata adui zangu walikubali, na mlezi wa bweni akawaleta wasichana wa vyumba vingine waje waone ratiba ya mwanafunzi wa Kasikeu. Nikavimba kichwa, kwa nini niwadanganye.

Sasa yeye. Kitanda chake kilikuwa jirani na changu, mkono wa kushoto. Alitoka Mwingi, kwa zile familia za Kiislamu zilizokuja kutoka kaskazini mashariki zikakaa pale mjini, wana duka kando ya barabara ya Garissa na baba yake ananunua na kuuza mifugo. Kikamba alikiongea kunishinda mimi Mkamba, na hilo peke yake lilinikera. Ratiba yake ilikuwa nusu karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Ilikuwa na maneno matano tu: Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha. Basi. Hata mstari hakupiga.

Nikacheka. "Wewe, hiyo ni ratiba ama ni orodha ya sala?"

"Ni sala," akasema.

"Na masomo je? Na kufua? Na kula?"

"Si iko katikati." Akaibandika kwa tone moja la gundi, ikakaa upande, akaenda zake kuteka maji.

Jumatano ya kwanza ilipofika mimi nilikuwa bado nafanya kazi za Jumatatu. Kisanduku kimoja kikichelewa kinasukuma kingine, na hicho kinasukuma kingine, mpaka Ijumaa unajikuta unafua wakati wa maombi na unaomba wakati wa prepu. Jumapili nikasema tatizo ni ratiba, nikaichora upya. Jumapili iliyofuata nikaichora tena. Muhula ulipofika nusu tulipewa mtihani. Yeye alikuwa wa tatu katika chuo kizima. Mimi, wacha tu. Nilikuwa nyuma ya msichana mmoja aliyelazwa hospitali majuma mawili.

Kama angekuwa mtu wa kujifungia na vitabu ningemsamehe. Lakini alikuwa kwenye timu ya netiboli. Alisuka nywele za wasichana nusu ya bweni, kila Jumamosi, wamepanga foleni kwenye ngazi. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi hata siku ya Alhamisi, siku ambayo sisi wengine tulifanana na matandiko. Na baada ya hayo yote, haki ya Mungu, ungemkuta amekaa kitandani anachezesha miguu! Anakula karanga! Mimi nina insha mbili, nina maandalio ya somo manne, nina ndoo ya nguo inanuka, na mtu wa kitanda cha pili anachezesha miguu. Nilitamani nimwulize kama siku yake ina saa ishirini na sita.

Nikaanza kumpeleleza. Hili ndilo jambo ninaloona haya kulisema hata leo nikiwa na wajukuu. Nilichukua daftari jipya, nikalifunika kwa gazeti, na ndani yake nikawa naandika: ameamka saa kumi na moja. Ameswali. Amesoma Historia kurasa sita. Ameenda bafuni, dakika nane. Amerudi. Baba alipima mvua, mimi nikampima msichana wa Mwingi. Miezi miwili niliandika hivyo, na kwa mwandiko mzuri, na sikuliona lile ambalo ninyi mmeshaliona, kwamba muda huo wote yeye alikuwa anasoma na mimi nilikuwa namwandika.

Niligundua kitu kimoja tu. Alikuwa anajua kuacha. Ataandika insha, wakati wa sala ukikaribia atafunga daftari. Ukimwuliza umemaliza, atasema, "Imetosha." Wala haikuwa nzuri! Mwandiko wake ulikuwa wa kuku, na pembeni hakuacha nafasi ya mwalimu kusahihisha. Mimi kichwa cha insha peke yake nilikifuta mara tatu mpaka karatasi ikatoboka, kwa sababu herufi ya kwanza haikukaa vizuri. Jioni yeye amepeleka insha yake mbaya, amepata alama kumi na nne kwa ishirini. Mimi nina kichwa kizuri, na chini yake hakuna mwili.

Nikajaribu kumwiga. Alipoamka alfajiri na mimi nikaamka, nikakaa na blanketi mabegani nikifungua kitabu. Siku ya tatu nililala juu ya daftari lenye wino mbichi, nikaenda darasani na somo la Saikolojia limeandikwa shavuni. Darasa likafa kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alichovya kona ya leso yake kwenye kikombe cha maji, akanipa nijifute. Nikamchukia zaidi.

Mwaka wa pili ukafika, na mazoezi ya mwisho ya kufundisha. Ni lazima mwelewe yalikuwa ni nini. Unapelekwa shule ya msingi, unafundisha mbele ya watoto wa watu, na katika siku ambayo huambiwi anakuja mtahini kutoka nje, anakaa nyuma ya darasa. Anaangalia andalio la somo, anaangalia vifaa vya kufundishia, anaangalia wewe. Ukianguka hapo, hata kama ulipita mitihani yote ya kuandika, unarudia mwaka. Na mimi sikuweza kurudia mwaka. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alishasimama Jumapili moja akatangaza kwamba binti yake anamaliza ualimu, na mchungaji akaniambia nisimame niombewe, na kutoka siku hiyo akina mama wote wa Kasikeu waliniita mwalimu. Mwalimu, hujambo. Mwalimu, chukua maembe. Ningerudi kuwaambia nini?

Karatasi za manila zilikuwa nyingi kuliko siku zilizobaki. Kila mmoja alihitaji ramani, michoro, kadi za herufi, picha za wanyama. Hapo ndipo yule msichana akaja na wazo. Alikuwa anatuona tukihangaika kila mtu peke yake kwenye kitanda chake, akasimama katikati ya bweni akasema kwa Kikamba, "Kwani ninyi wenyewe hamwezi kufanya mwethya?"

Kwa asiyejua, mwethya ni ule utaratibu wetu wa kulima pamoja. Leo wanawake wote wa kijiji wako shambani kwako wanachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kesho wako kwa jirani, kesho kutwa kwa mwingine, mpaka mashamba yote yanaisha. Anayejua kuchimba anachimba, anayejua kuimba anaimba. Na sheria yake haijaandikwa popote lakini kila mtoto anaijua: tuta likishachimbwa, hakuna anayerudi kusema hili nililichimba mimi. Mama yangu alikuwa katika mwethya miaka na miaka, na sijawahi kumsikia akinyooshea kidole tuta hata moja.

Wasichana sita wakasema haraka, eeh, kwa nini hatukufikiria. Pamoja na yeye wakawa saba. Kila jioni baada ya michezo watatengeneza vifaa vya mtu mmoja. Mwenye mkono wa kuchora atachora, mwenye mkono wa kushona atashona. Siku saba, kazi kwisha.

Kisha akanigeukia. "Na wewe utaandika. Hakuna mwandiko kama wako hapa."

Nilihisi damu ikinipanda mpaka masikioni. Kwanza, mwethya ni wetu! Ni jambo la mama zetu. Mtu wa duka la barabara ya Garissa ndiye wa kuja kunifundisha mwethya? Mbona halikunijia mimi hilo wazo, na mimi ndiye niliyebeba maji ya kunywa ya wachimbaji nikiwa mtoto? Na pili, hapa ndipo ulipokuwa mwiba wenyewe: mkono wangu upambe ramani zake, halafu yeye aje aitwe wa kwanza? Kitu kimoja nilichomzidi, kimoja tu, na hicho pia anataka kukigawa kama karanga.

"Mwethya ni wa matuta, sio wa masomo," nikasema. "Mtahini anataka kazi ya mtu binafsi. Mimi nina ratiba yangu."

"Haya," akasema. Hakunibembeleza hata kidogo. Angenibembeleza kidogo nadhani ningekubali.

Basi kwa siku saba niliwasikiliza. Walikaa kwenye sakafu ya upande wa pili wa bweni, wanakata, wanagundisha, wanachekana. Mmoja akiharibu wanamwita fundi wa kuharibu. Mimi nimewapa mgongo, rula mkononi, nachora peke yangu, nikihesabu vicheko vyao. Ramani yake ndiyo waliyoitengeneza ya mwisho, siku ya saba, na nikaiona kwa jicho la pembeni. Ilikuwa ramani ya wilaya ya Kitui. Mito ilikuwa nyuzi za samawati zilizoshonwa, Tana kule juu, Tiva katikati, Athi kule chini. Vilima vya Mutito vilikuwa mchanga wa Kitui wenyewe, uliochujwa ukagundishwa. Barabara zilikuwa katani iliyosokotwa. Mji wa Mwingi ulikuwa kifungo cha shati.

Na mimi, niulizeni. Mimi nilikuwa na manila moja, imeandikwa RAMANI YA WILAYA YETU, herufi kubwa zenye rangi tatu na vivuli kwa upande, kazi ambayo hata leo naweza kuionyesha mbele ya watu. Chini yake palikuwa peupe.

Tulipelekwa shule moja ya msingi pembeni mwa mji, mimi na yeye, kati ya shule zote. Nilipewa darasa la nne A, yeye la nne B. Vyumba viliungana ukuta, na madirisha yake, yasiyo na vioo, yalielekea baraza moja. Juma la pili, siku ya Jumatatu, tukiwa mapumzikoni tunakunywa uji, tukaona Landrova ya serikali inaingia langoni. Mtahini akashuka na mkoba wake. Mwalimu mkuu wa shule akampeleka ofisini, na baada ya muda mfupi akatuma mtu kutuambia: ataanza nne A, kisha nne B.

Kipindi changu baada ya mapumziko kilikuwa Jiografia, wilaya yetu. Kifaa changu kilikuwa kichwa cha habari.

Yeye alinitazama, akaelewa bila kuambiwa. Jiografia yake ilikuwa kipindi kinachofuata, somo lile lile. Akaingia darasani kwake, akatoka na ramani imekunjwa.

"Chukua. Wewe uko kwanza. Kengele ikilia nipitishie dirishani. Akiuliza, mwambie ni yetu sote."

Sikusema asante. Niliichukua.

Lile somo, nisijisifu, lilikwenda vizuri kuliko somo lolote nililowahi kufundisha mpaka nikastaafu. Watoto walisimama kwenye madawati. Walitaka kugusa mchanga. Mmoja akaufuata mto Tiva kwa kidole, akauliza mbona hauna maji kama ule ulio karibu na kwao, darasa zima likacheka, hata mtahini. Zikiwa zimebaki dakika tano, akainuka kutoka nyuma, akaja mbele kwenye meza yangu, akainama juu ya ramani na miwani yake.

"Nimepita shule nyingi," akasema kwa sauti ya chini. "Sijaona kazi kama hii. Umeitengeneza mwenyewe?"

Kulikuwa na jibu nililopewa. Lilikuwa tayari mdomoni, maneno matatu tu.

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Mwenyewe. Peke yangu."

Hilo la peke yangu hata hakuliuliza. Akaandika, akaandika tena. Kengele ikalia. Na pale kwenye dirisha la nyuma ukaingia mkono wa yule msichana, kiganja juu, vidole vikinihimiza. Mtahini alikuwa amempa dirisha mgongo, bado anaandika. Nilikuwa na hatua sita tu za kutembea.

Mnaweza kusema niliogopa kukamatwa na uongo wangu, maana ramani ile ile ikionekana nne B nimekwisha. Ni kweli, niliogopa. Lakini nitawaambia lililokuwa chini ya hofu. Nilikuwa na raha. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa akinisubiri, yeye ndiye aliyekuwa mbioni na wakati, na mimi ndiye niliyekuwa nao. Nikaikunja ramani polepole, nikaifunga uzi, nikafunga na fundo la pili. Nikaiweka kabatini nikageuza ufunguo. Mkono ulikaa dirishani kidogo, kisha ukatoka.

Nilimsikia ukutani kipindi kizima. Alichora ubaoni kwa chaki, nilisikia chaki inavyogonga haraka haraka. Watoto wake walijibu kwa sauti. Nilisikia mtahini akiuliza kitu, na yeye akijibu kwa kifupi. Njiani kurudi chuoni nilikuwa nimetayarisha uongo wangu, kwamba ufunguo ulikwama. Hakuniuliza. Alizungumza juu ya jua, na viatu vilivyombana. Hilo likaniudhi kuliko matusi.

Siku kumi baadaye tukaitwa gwaride. Mkuu wa chuo akasoma matokeo ya mazoezi ya kufundisha, na aliyetajwa wa kwanza kwa chuo kizima nilikuwa mimi. Mtahini alikuwa ameomba ramani ionekane. Nikaitwa mbele, nikaishika kwa ncha mbili kifuani, kama nimevaa ubao.

"Tazameni," akasema mkuu. "Mikono miwili ya msichana mmoja. Huyu alianza mapema, huyu alijipanga. Mnakumbuka ratiba yake?"

Wakapiga makofi. Na mimi pale mbele niliwaona wale saba, mmoja mmoja. Aliyeshona mito aliitazama mito yake. Aliyechuja mchanga aliutazama mchanga. Aliyetoa kifungo kwenye shati lake mwenyewe aliangalia chini. Hakuna aliyefungua mdomo. Nilijua hawatafungua. Nililelewa nikilijua hilo, na ndilo nililokuwa nimelitegemea kuanzia dakika ile niliposema peke yangu.

Kisha mkuu akaja kwa yule wa Mwingi. Amepita, akasema, lakini alama zimeshuka sana kwa sababu aliingia darasani mikono mitupu, bila kifaa chochote, na hilo halikutarajiwa kwake.

"Akili unayo, dada," akamwambia mbele ya watu wote. "Unalokosa ni kupanga wakati. Una jirani hapo wa kitanda. Nenda akufundishe."

Watu wakacheka. Yeye akasema, "Ndiyo, mwalimu."

Raha yangu ilidumu kutoka uwanja wa gwaride mpaka jikoni. Nilipofika kwenye foleni ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, nilikuta wale sita wananipisha nipite mbele, kwa heshima kabisa, kama mgeni. Nikachota chakula changu nikala peke yangu.

Siku hiyo baada ya michezo nilikuwa bwenini napiga pasi. Akaingia, amevua viatu, ana daftari na penseli. Akakaa kwenye kitanda changu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe kwa ule mwandiko wake wa kuku.

"Haya. Nimetumwa kwako," akasema.

"Wacha mchezo."

"Sichezi. Mkuu amesema unifundishe kupanga wakati. Anza na Jumatatu ile, kengele ilipolia. Nilikuwa dirishani. Wewe wakati huo ulikuwa unafanya nini nao?"

Nilitafuta dhihaka usoni mwake nisiione. Alikuwa amekasirika kweli, midomo imekauka, lakini penseli ilikuwa imesimama juu ya karatasi inasubiri, na nadhani kama ningejibu angeandika. Nilisukuma pasi, nikairudisha, nikaisukuma. Nilikuwa na neno moja la kusema na lilikuwa fupi. Nikageuza kola, nikaipiga pasi upya. Nikaona afadhali nimsikie akinipigia kelele. Lakini alikaa tu, akinipa nafasi, dakika baada ya dakika, mpaka jua likafika kwenye ukingo wa paa la maktaba. Kisha akafunga daftari lenye tarehe peke yake, akaenda bombani kunawa, akaswali.

Asubuhi yake alinisalimia. Ya kila siku, umeamkaje. Nikamchunguza kiamsha kinywa kizima nikitafuta mabaki ya jana, sikupata. Alikuwa amenikasirikia jioni moja, amemaliza. Na mimi, badala ya kushukuru, nikamwonea wivu kwa hilo pia, tena kuliko nilivyowahi kumwonea kwa alama au kwa netiboli, kwa sababu nilijua hili langu litanichukua miaka. Limenichukua miaka. Nimefundisha, nimestaafu, cheti changu kina sifa ya kwanza, na sijawahi kumwandikia barua.

Jumamosi hiyo nilikuwa tena na ile pasi ya makaa, ilikuwa moja tu kwa bweni letu. Alikuja na sare yake mkononi, akasimama kando yangu akaniuliza kwa upole kama nimemaliza. Nguo zangu zote zilikuwa zimekunjwa na makaa yalikuwa yamezimika kitambo. Nikamwambia bado.